Meneja Ni Mkwe

Gwamaka,

Wali uko kwenye sufuria, nimeufunika kwa sahani ya bluu. Kakao nimeianika uani. Wingu likijikusanya, ianue kwanza ndipo ule. ~~Leo usinisemeshe kabisa.~~ Nimefuta hiyo, maana nina swali.

Ulijua kwamba kampuni iliyoniajiri imemleta baba yako mdogo Andongwisye kutoka Karonga awe meneja wa hapa? Miaka mitatu nimesomea uhasibu chuo kikuu, leo asubuhi nafungua mlango wa kazi yangu ya kwanza, nakuta amekaa mkwe ambaye kwa mila zetu hatutakiwi hata kutazamana. Digrii yote ikanitoka. Nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili. Yeye naye akageukia ukutani, akajifanya anasoma kalenda. Nikatoka mbio hadi hapa nyumbani, fomu ya kuanza kazi sijasaini.

Sasa hivi tarishi wao, Mama Damaris, amenifuata kwa baiskeli. Anasema meneja bado anaitazama kalenda, lakini kazi ni yangu, na maneno yetu atakuwa anayapeleka yeye. Ili tusikutane, nimepewa chumba cha peke yangu, chenye feni na simu. Wahasibu wa zamani watatu wanabanana kwenye meza moja.

Kwa hiyo ndaga fijo, asante sana, mume wangu, kwa kunificha habari hii.

Narudi kusaini. Ukimwona baba mdogo jioni, mwambie kwa heshima kwamba kalenda ile ni ya mwaka jana.

Mkeo