Mafuta ya Nazi Kwenye Kioo cha Gari

Charo mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo huko Eldoret? Hapa Miritini tu wazima. Shangazi yako, anayeniandikia haya, amejifungua msichana. Magoti yangu ni yaleyale.

Unasema kioo cha gari hakishuki, na fundi anataka ununue mota. Usiwe mjinga. Bonyeza swichi, usikilize. Mlango ukiwa kimya, fundi atazame fyuzi kwanza. Ukinguruma, mota ni nzima, kioo ndicho kilichokwama. Aufungue, asafishe njia ya kioo. Na mafuta ya nazi usipake!

Hayo nilifunzwa na kaka yangu Kahindi, fundi. Miaka ya arubaini, nami msichana, alitunza gari la bwana mmoja huko Changamwe. Vioo vilizungushwa kwa mkono, na kimoja kilikuwa kizito. Nikakipaka mafuta ya nazi, kama tulivyopaka kila kitu, nywele hadi bawaba. Vumbi likanata, kioo kikakwama wazi, mvua ikalowesha viti.

Kahindi alifungua mlango, akanusa, akanitazama.

"Nani kapaka uchafu huu?" bwana akafoka.

Kahindi akajibu:

"Ni mimi, bwana."

Akafukuzwa kazi palepale. Njiani akanitania, "Dada, leo kichwani umepaka nini, grisi?" Nikacheka naye, mpumbavu mimi, badala ya kumwomba radhi. Tukazeeka pamoja, tukala sinia moja, na sikumwomba. Mwaka jana tulimzika, nikarudi nyumbani na radhi yangu mdomoni.

Nyanyako,
Kadzo