Neno Refu Nililopeleka Ukweni

Mjukuu wangu Divine,

Hapa Nyakarenzo tuko salama. Bibi yako goti linamsumbua, lakini jana alipanda maharage. Umeniomba neno refu la Kiingereza lenye herufi q, pamoja na maana yake. Ninalo moja: acquaintanceship.

Nilipokuwa kijana kule Bukavu, nilikariri maneno marefu ya kamusi ya kuazima, bila kusoma maana. Siku ya kumposa bibi yako, msemaji wetu alikuwa bado anazungumza na baba wa bibi yako, nami nikamkatiza: "Papa, tumekuja kwa ajili ya acquaintanceship!"

Mzee akaniangalia. "Ile neno, maana yake ni nini?"

Nikamgeukia msemaji. Naye akanigeukia mimi.

"Muende," akasema. "Mutarudi wakati mutaijua."

Kamusi nilikuwa nimeshairudisha kwa mwenyewe, naye alikuwa safarini. Wiki ikapita ndipo akarudi, nikasoma maana. Jumapili tukarudi.

"Papa, maana yake ni kujuana."

Akanisogezea kiti. "Basi ikaa. Tuanzie pale."

Nimemsomea bibi yako barua hii. Anasema wiki ile nzima alikuwa akichungulia njiani kama tunarudi. Hilo nimelijua leo.

Babu yako