Mkono wa Kiongozi wa Bendi

Ibra, Oman

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zetu zikufikie huko masomoni. Bibi yako hajambo, na tende za uani zimeanza kuiva.

Umeniuliza nimewezaje kukaa miaka yote hii bila tarumbeta yangu. Mwanangu, Unguja, kabla hatujahamia huku, tulikuwa na bendi ya dansi, na kiongozi wetu alipenda mno santuri za Kimarekani. Siku moja arusini, muziki umepamba moto, ikaadhiniwa alasiri. Akainua mkono, sote tukaacha kupiga, tukenda kusali. Tuliporudi akauinua tena, akaushusha, nasi tukaendelea palepale tulipokatia. Hakuna aliyepotea.

Hapa Ibra, nikitoka msikitini, miguu hujiendea kwa mapigo yaleyale. Sikuacha kupiga, Salma. Nangoja mkono ushuke.

Babu yako