Eda Yenye Watazamaji

Bagamoyo

Kwa kaka yangu mpenzi, Pangani.

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje, na mama kikohozi kimempungua? Sisi huku wazima wa mwili, mengine nitakueleza.

Jibu lako nimelipata. Nilikuomba nije nimlilie mume wangu huko kwetu kwa utulivu, nawe umesema nimalize eda humu humu nyumbani kwake, kisha utanifuata. Sikubishii, ndiyo sheria. Lakini ungeiona nyumba yenyewe! Kila Jumapili magari yanakuja kutoka Dar es Salaam, yamejaa Wazungu wanaotaka kuona mji wa kale. Mlango wetu una nakshi, basi ndiyo balaa. Wanaupapasa, wanaupiga picha, kisha wanaingia bila hodi. Na mavyaa unamjua, kwake mgeni hafukuzwi. "Karibuni, karibuni," huku mimi nimejikunyata nyuma ya pazia kama kuku anayeatamia.

Jumapili iliyopita bibi mmoja wa Kizungu alilifunua hilo pazia. Mumewe alikuwa nyuma yake na kamera. Nilijifunika uso, lakini nilichelewa, picha imeshapigwa. Yule bibi akatabasamu, maskini, akanipungia mkono.

Jioni mavyaa akatoa hukumu: "Umeonwa na mwanamume, mwanangu. Eda imevunjika, anza upya."

Shemeji akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akasema haivunjiki kwa hilo. Mavyaa akamjibu, "Wewe mwalimu, umekaa eda lini?"

Ningekuwa na moyo ningecheka. Basi nimeanza upya, na Jumapili zinakuja vile vile.

Kaka, silali, wala sili nikashiba. Gari likipita tu, hata la kubeba nazi, najifunika uso. Jirani yangu naye amehamia chumba cha uani, dirisha hafungui tena. Anasema amechoka kutazamwa akipepeta mchele. Nimemsihi shemeji afunge mlango siku hiyo moja tu ya Jumapili. Akasema, "Nikifunga wanagonga, na mama anawafungulia." Simwoni hata wa kumlaumu.

Usije, hutakuta cha kufanya. Nisalimie mama, umwambie nakula. Nisalimie wifi yangu, mkeo, na shangazi aliyenilea. Yeye usimsomee barua hii.

Kila nikikaa nimlilie mume wangu, nageuka kwanza kutazama pazia. Nikishatazama, machozi hayaji. Tangu mmzike, kaka, sijamlilia bado.

Mdogo wako,
Mwanaidi