Popo Watano wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu,

Habari za hapa Markham, Kanada, huko uliko sidhani kama zinakufikia, basi nakuletea mimi, mkweo mwenye domo, kama ulivyopenda kuniita. Nina jambo limenikaa rohoni tangu siku nilipokupa kile kichupa: ulikipokea kweli, au ulinistahi tu mbele za watu?

Ulikuja kwetu kutoka Pemba na ugoro wako ndani ya kikopo cha dawa ya kuchua kifua. Mimi niliyeishia darasa la sita lakini nimelala Dubai na kubishana bei Guangzhou, nikaona aibu. Mama mkwe wa mtu kama mimi anuse ugoro kwenye kikopo cha mafua? Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kichina mwenye duka la vitu vya zamani, nikachagua kichupa cha kioo cheupe kinachoenea kiganjani, kizibo chake kina kijiko chembamba cha kuchotea. Juu yake wamechongwa popo wekundu, ukiwapapasa unawasikia. Kulikuwa na cha samaki, na cha chura wa miguu mitatu anayeleta pesa. Mzee akaniambia kwao popo ni baraka, na wakiwa watano zimetimia: umri mrefu, mali, afya, moyo mwema, na kufa kwa utulivu uzeeni. Nikasema nifungie popo, hayo mengine nitayatafuta mwenyewe.

Nikakukabidhi sikukuu ya Idi, sebule imejaa wageni, na mimi nimejaa kama puto. Ukakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndege gani hawa?"

"Popo, Mama. Kwa Wachina ni—"

"Popo!" Ukakitua mezani kama kimekuunguza. "Zuhura, huyu mumeo mzima? Kule Pemba tulilala uani mtaa mzima kwa kumuogopa jini popobawa mmoja, yeye ananiletea watano!"

Wageni walicheka hadi chai ikawapalia. Nikajitetea, "Hawa wa Kichina, Mama. Hata Kiswahili hawajui."

"Kwani popobawa anauliza lugha?"

Ukarudi kwenye kikopo chako, nami kichupa sikukiona tena. Nilijua umekitupa. Sikuuliza, nikaendelea kupiga domo kama kawaida, lakini kila ulipofungua kile kikopo mbele yangu, roho iliniuma kidogo.

Mwezi uliopita ulijinyoosha baada ya kuswali adhuhuri, na hukuamka. Hukuugua, hukumsumbua mtu. Mwanao analia mpaka leo. Mimi nafanya mzaha, maana siku nikinyamaza nyumba hii itatuelemea.

Jana tulifungua sanduku lako. Chini kabisa, ndani ya kanga, Zuhura akatoa kitu cheusi, kidogo, akakigeuza-geuza.

"Nini hiki?"

Kichupa changu, Mama. Kimevaa buibui! Umekata kipande cha buibui lako la zamani, ukakishonea kikabana kuanzia shingoni mpaka kitako, nje kimebaki kizibo peke yake. Wewe usiwaone popo, na wao wasikuone. Nikakizibua. Ugoro ulikuwa umebaki robo, na kijiko kimeshageuka rangi ya kahawia. Nikapiga chafya mfululizo mpaka Zuhura akacheka, kicheko cha kwanza tangu tukuzike.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa akijifungia mlango," akasema. "Mbele yako anatoa kikopo, asikupe la kujisifia."

Unanijua, Mama. Ningejisifu mpaka mji wa pili, Mississauga, wangesikia.

Zuhura alitaka kufumua kitambaa akioshe kichupa. Nikamwambia mishono ya mama yako usiiguse. Nimewapapasa kwa kidole juu ya nguo, wote watano wapo, hakuna aliyeruka. Na yule wa mwisho, wa kufa kwa utulivu, naona kazi yake aliifanya barabara, buibui na yote.

Basi wakae humo humo. Popo hawana ugomvi na giza.

Pumzika, Mama. Jibu nimelipata.

Ni mimi mkweo, mwenye domo.