Aliyesema Petroli

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeendesha Mke Mwenza! Ndilo jina Dada alilolipa gari la mumewe, maana shemeji hulipangusa asubuhi na jioni, na usiku hulifunika shuka. Shemeji kanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Akanisindikiza mpaka getini. Dizeli, shemeji, akasema. Dizeli! Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Safari yenyewe — kumpeleka Mama kupimwa macho. Kakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, anatawala barabara. Punguza. Mpishe huyo. Washa taa. Tangu Baba afariki hajakaa mbele kwenye gari la nyumbani. Alikuwa anashusha kioo, anapandisha, anashusha tena. Nilifurahi kumwona hivyo.

Kurudi, tukapitia kituo cha mafuta. Nikakimbilia duka la hapo hapo kituoni kununua maji. Natoka — Mama na mhudumu wa pampu wanacheka utadhani wamelelewa pamoja. Binti mwenye kofia nyekundu, mjamzito. Mama keshamfundisha alalie ubavu gani. Mafuta yameshaingia, mfuniko umeshafungwa. Nikalipa, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Gari likakohoa, likashtukashtuka, likazima katikati ya mzunguko. Honi kila upande! Fundi aliyekuja kutuvuta akanusa tangi, akanivuta pembeni: dada, mmelinywesha petroli.

Kwenye teksi nikamuuliza Mama, kwa upole, yule binti alikuuliza nini. Aliuliza aweke nini, akasema. Nikamwambia petroli, jaza. Kama baba yenu alivyokuwa akisema siku zote.

Kasema huku akitabasamu dirishani. Nikamwambia gari limechoka tu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja. Kakaa pembeni kabisa ya kochi, kama kawaida yake akiwa kwa mama mkwe. Akaniuliza kwa sauti ya msibani: ulimwambia mhudumu dizeli? Mama huyo anapita na kikombe cha chai. Shemeji kasimama, kaamkia, macho kwenye zulia. Hapo ulimi ukanitangulia — nilimwambia dizeli, shemeji. Yeye kasikia lake.

Uongo mtupu! Na siku ya Jumapili!

Uso wa shemeji ukanawiri. Basi kosa ni la kituo, akasema, watatengeneza gari langu wao. Mama akadaka: nani kaharibu gari la mkwe wangu? Shemeji akamweleza kwa adabu kwamba kituoni wameweka mafuta siyo. Mama moto! Mzembe huyo atafutwe! Mimi nilikuwepo, mimi ni shahidi, nilimwambia kwa mdomo wangu —

Mama, sukari inatosha? Nikamsukuma jikoni na kikombe chake. Shemeji hakusikia mwisho wa sentensi. Namshukuru Mungu.

Jumatatu, 10 Machi

Gereji. Tangi limekaushwa, mabomba yamesafishwa. Gari litapona, kasema fundi, bahati yenu hamkung'ang'ana kuliwasha. Dada naye kaja, eti kumjulia hali mke mwenzake.

Kisha fundi akatuonyesha kifuniko cha tangi. Palikuwa na stika hapa, imeandikwa DIZELI. Sasa iko wapi? Kimebaki kivuli cha gundi. Imesuguliwa, imesuguliwa, mpaka imeisha. Wote tukamgeukia shemeji. Yeye akakunja kitambaa chake cha kupangusia, akakitia mfukoni polepole. Dada alicheka mpaka akakalia tairi.

Hata hivyo shemeji hajalegea. Stika au hakuna stika, ulimwambia dizeli, si ndiyo?

Ndiyo, nikasema. Mara ya pili hiyo. Uongo unazoeleka jamani.

Jumanne, 11 Machi

Tumekwenda kituoni, mimi na shemeji. Kofia — namwita hivyo, jina lake sikuliuliza — hayupo kwenye pampu. Anaokota makaratasi uani, kainama na tumbo lile, kofia yenyewe kaishika mkononi. Tangu shemeji apige simu jana, meneja kamwondoa kwenye pampu mpaka kieleweke. Kosa likiwa lake, kasema, ataondoka moja kwa moja. Kasema hivyo huku akichezea kalamu, bila hata hasira.

Kofia akaitwa. Akasema neno moja: niliuliza, nikajibiwa. Ulijibiwa na nani? Na waliokuwa garini. Basi. Akanitazama, lakini hakumtaja Mama. Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Meneja akasema kamera ipo, ila anayejua kuifungua anakuja Alhamisi. Shemeji akashukuru, haki itaonekana.

Tunatoka, Kofia akanikimbilia. Nikajua natukanwa leo. Akauliza: Mama hajambo? Miwani ameshapata?

Ningeona shimo ningeingia.

Jumatano, 12 Machi

Miwani imekuja. Mama anasoma kila kitu kwa sauti — pakiti ya maziwa, kalenda ya mwaka juzi, bei iliyobaki kwenye soli ya kiatu changu.

Nimemwambia Dada ukweli wote. Kacheka akashika ukuta. Halafu kaacha ghafla. Sasa yule binti akose kazi? Na mimba ile? Sema wewe.

Najua. Lakini kila asubuhi Mama ananiuliza tutatoka tena lini, na atakaa mbele. Akijua ni yeye, hatauliza tena. Atarudi kwenye kiti chake cha dirishani na kimya chake. Naogopa hilo kuliko shemeji.

Kesho nasema. Kabla ya kamera. Naapa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nje ya ofisi ya meneja, kwenye benchi. Kilio kinanibana na kicheko kinanibana, sijui kipi kitangulie.

Mama kakataa kubaki nyumbani. Shahidi habaki nyumbani! Kaja na miwani yake na mkoba, shemeji kamfungulia mlango wa teksi. Ofisi ndogo, feni inalia. Kofia kasimama kwenye kona. Nikajikaza: jamani, kabla hamjaanza, nina neno. Mama akanipiga kofi mkononi. Nyamaza kwanza, tuone picha.

Picha haina sauti. Gari linaingia. Mimi natoka mbio kuelekea dukani — hapo shemeji akanigeukia taratibu. Nikaangalia viatu vyangu. Kofia anainama dirishani, anauliza. Mkono wa Mama unatoka nje, na bangili zake, unaonyesha pampu ile pale, sawia kabisa.

Huyo ni mimi! Mama akapiga makofi. Si mnaona? Nilimwambia petroli, wazi kabisa! Sasa huyu mtoto kosa lake liko wapi?

Meneja akatazama meza. Shemeji, maskini, mtu na mama mkwe wake, akatazama feni. Jasho lilimtoka. Angekubali gari liteketee kuliko kufungua mdomo.

Nikasema mimi. Mama, gari hili ni la dizeli.

Akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa. Tangu lini?

Tangu lilipotengenezwa, Mama.

Baba yenu alikuwa anaweka petroli, akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda hata kidogo. Kisha akaniangalia. Na wewe ulijua lini? Nikasema Jumamosi. Akaninyooshea kidole mlangoni: toka. Mkwe wangu abaki. Na huyu binti abaki.

Ndiyo niko hapa.

Nimesikia sauti ya Mama, ndefu, ya chini. Sauti ya meneja, fupi. Halafu mlango ukafunguka, akatoka Kofia. Kofia iko kichwani! Kapita mbele yangu, kaenda moja kwa moja kwenye pampu yake, foleni ikamshangilia kwa honi. Hapo nimelia kidogo, nakiri.

Sasa ndani anacheka mtu. Ni shemeji! Anacheka kweli, na Mama anamwambia kesho akienda kulichukua gari gereji asimsahau, yeye ndiye atakayekaa mbele, amsomee vibao vya barabarani. Shemeji anasema ndiyo, Mama. Ndiyo kabisa, Mama.

Kicheko kimekatika. Mama anauliza: na huyo aliyesema amesikia dizeli, yuko wapi?

Ananiita. Kwa jina langu, na la baba, na la babu —