Mikono Kichwani

Flemingsberg, Stockholm
Jumapili, mwezi wa tisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Naomba zikukute ukiwa na nguvu za kumfokea yule mbuzi anayekula nguo kwenye kamba. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia mwaka jana, unaipaka mwenyewe au umewagawia kina mama wote wa kwaya? Nakujua. Kaka yangu Eliakim msalimie, umwambie nimeiona picha ya tangi jipya la maji na imenifurahisha kuliko picha zote alizowahi kutuma, hata ile ya harusi yake.

Utashangaa kuona karatasi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu, kabla sijamaliza kukuamkia, unaniuliza mbona sauti yangu imechoka, nami nasingizia mtandao. Tena simu yako Eliakim huiweka sauti ya juu, na majirani wote huchangia. Barua hii unaletewa na Lorraine, mwenzangu wa kanisani, anayekuja Machakos kumwona baba yake. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe mkononi. Nimeiandika kwa Kiswahili kama ulivyotulea, kwamba Kikamba ni cha jikoni na barua ni ya Kiswahili chenye adabu. Miwani yako iko wapi? Itafute kwanza, kisha ukae kitini.

Habari za huku ni kazi. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee, nawaogesha, nawavisha, nawasikiliza wakinisimulia habari zilezile kila asubuhi. Nawapenda, lakini Mama, nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nasema ule wa kuamka nao. Hortense, Mkongo wa Bukavu ninayefanya naye kazi, husema natembea kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mimi humcheka, halafu nasimama kwenye korido nikijiuliza kweli nilifuata nini.

Mjukuu wako Felicia hajambo. Amekuwa mrefu kunipita na bado ananijibu kwa Kiswidi. Namuuliza kwa Kiswahili kama amekula, ananijibu kwa Kiswidi kwamba amekula, nasi tunaendelea hivyo tangu alipoanza shule. Usimkasirikie. Majira haya ya joto alifanya kazi kwenye mkahawa karibu na kituo cha treni, na siku moja akaniambia kwamba amenikatia tiketi ya safari. Alisema hajawahi kuniona nimekaa bila kukunja nguo. Tungekwenda Krete, kisiwa kilekile ambacho Mtume Paulo alipita kando yake katika dhoruba. Waswidi hukimbilia huko kujianika jua kabla baridi haijarudi, kama sisi tunavyoanika mahindi. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu yangu, nitakueleza. Lakini zawadi ya mtoto haikataliwi, ulitufundisha wewe, nikapanga nguo zangu.

Huko Krete, Mama, Felicia alikuwa ameshaandikisha majina yetu kwa matembezi ya baharini. Nikuelezee ili usidhani nimechanganyikiwa. Wanakupa ubao mpana, mrefu kama mlango uliong'olewa, unaelea juu ya maji. Unapanda, unapiga magoti, kisha unasimama wima juu yake na kupiga kasia moja refu, kushoto, kulia. Mnakwenda hivyo pwani pwani, mnafuata majabali, mkifika penye maji matulivu mnashuka, mnavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, mnatazama samaki. Ndiyo hivyo tu. Hakuna anayevua. Hakuna anayevuka kwenda popote. Nilipokuwa nasikiliza maelezo nilikukumbuka wewe ukiwa umeinama kwenye mto mkavu, unachimba mchanga kwa kibuyu mpaka maji yatokee, sisi na madumu yetu nyuma yako. Na leo binti yako analipiwa kucheza na maji yasiyonyweka.

Usiogope, kuogelea najua kidogo. Mimi na Hortense tulijifunza kwenye bwawa la hapa mtaani, darasa la akina mama wageni, tukipigiana kelele kama watoto. Kiongozi wetu wa Krete alikuwa kijana wa Kiswidi aitwaye Axel, pua imebabuka kwa jua, mpole, anayerudia kila kitu mara mbili bila kukasirika. Alinipa jaketi la kuokolea maisha, akalikaza mwenyewe. Mkanda ulinibana kifuani upande wa kushoto nikashtuka kwa maumivu, nikaomba kubwa zaidi. Felicia alicheka, akasema chakula cha hoteli kimenipenda. Nami nikacheka.

Kabla ya kuingia majini, Axel alitufundisha ishara. Alisema tukiwa mbali sauti hazifiki, kwa hiyo yeye atauliza kwa mikono nasi tujibu kwa mikono. Aliye taabuni apunge mkono mmoja juu. Aliye salama anyanyue mikono yote miwili, aikutanishe juu ya kichwa. Akatuonyesha. Akasimama pale mchangani, kijana wa watu, mikono kichwani, akitabasamu, na wote wakamfuatisha, mikono kichwani, watu wazima kwa watoto.

Mimi mikono yangu ilikataa. Nilikusikia wewe, Mama, siku ile nilipokuwa mdogo nimesimama mlangoni nikishangaa mvua, mikono nimejitwika kichwani bila kuwaza. Ulinichapa kwa mwiko. Ukaniuliza namlilia nani, umekufa wewe au amekufa baba yangu? Ukasema mikono hupanda kichwani siku ya msiba, na mtoto anayeipandisha wazazi wakiwa hai anawaitia kifo. Nimekaa Ulaya miaka mingi, nimeacha mengi, na mengine nimeyaacha kwa furaha. Hilo sikuliacha.

Basi nikamwambia Axel, kwa Kiswidi changu cha kazini, kwamba mama yangu yu hai na kwetu hatufanyi hivyo. Felicia aliona haya. Alininong'oneza kwamba ni ishara tu, hakuna anayekufa, na watu wanatutazama. Sikumlaumu. Sikuwahi kumfundisha jambo hilo. Kila nilipotaka kumfundisha mambo ya kwetu nilikuwa nimechoka, nikasema kesho. Axel alifikiri kidogo, akasema mimi nisitie shaka, atakuwa anakuja karibu na kuniuliza kwa mdomo. Na kweli alifanya hivyo asubuhi nzima. Kila alipowauliza wenzangu kwa mikono wakamjibu, aligeuza ubao wake akapiga kasia mpaka kwangu, akaniuliza kama niko salama. Nilimwonea huruma.

Kusimama kulinishinda mara ya kwanza na ya pili. Nilianguka majini nikasikia Felicia akishangilia kama nimeshinda kitu. Baadaye nikaweza. Tukapita chini ya majabali yaliyo na mapango, maji yakipiga ndani yake kwa sauti nzito, tukafika kwenye ghuba ndogo, Axel akatuambia tushuke.

Nilivaa miwani, nikauma mrija, nikalaza uso majini. Mama, kumetulia kule. Nilisikia pumzi yangu peke yake. Chini kulikuwa na nyasi ndefu zikilala upande mmoja kisha upande mwingine, na samaki wadogo wenye milia wakiendelea na shughuli zao bila kunijali. Hakuna aliyeniita jina. Hakuna aliyetaka kugeuzwa, kuogeshwa, kujibiwa. Nililala hivyo kwa muda mrefu, na nakiri kwako wewe uliyenizaa kwamba nilitamani nisinyanyue kichwa. Si kufa. Nilitamani tu dunia inisubiri kidogo.

Kisha nikanyanyua kichwa kumtafuta Felicia. Alikuwa mbali, karibu na mwamba, ameivuta miwani yake juu ya paji la uso. Axel alimwuliza kwa mikono. Naye akageuka, akaniona namtazama, akanyanyua mikono yote miwili akaiweka kichwani. Alikuwa amenielekea mimi. Alikuwa anacheka.

Nilimwona mwanangu akinililia. Sijui niseme vipi. Najua alikuwa anajibu alichoulizwa, hata mwanafunzi wa chekechea angejua. Lakini mwili wangu haukuuliza akili. Nilitaka kumwita ashushe mikono, nikasahau mrija umo mdomoni, nikameza maji ya chumvi, nikaanza kupiga maji ovyo. Axel alinifikia, akanivuta juu ya ubao, akanilaza kifudifudi nikitapika. Felicia alikuja kwa kasi huku akiuliza kuna nini, kuna nini, nami nikamwambia ni maji tu.

Sasa, Mama, shika karatasi vizuri. Ulikuwa ukisema mficha maradhi kilio humuumbua, na ukisema hivyo ulikuwa ukimtazama marehemu baba. Mimi ni mtoto wa baba. Kabla ya safari nilikuta uvimbe katika titi la kushoto. Nilijiambia ni kazi, ni kuwanyanyua wazee. Hortense alipoona najishika pale kila mara ndiye aliyenipeleka hospitali, akakaa na mimi, akasali kwa Kifaransa chake. Walichukua kipande kidogo wakakipima. Ni saratani. Daktari alitaka tuanze mapema, nami nikamwomba aniachie safari ya mwanangu kwanza, kwa sababu alikuwa ameshaninunulia kofia. Daktari, mama mmoja mtulivu, alikubali. Alisema wameikuta katika hali inayotibika, ila hakutaka kuniahidi, nami nilimheshimu kwa hilo. Hiyo ndiyo sauti iliyochoka uliyokuwa ukiisikia, nami nikilaumu mtandao. Nilikudanganya kila Jumapili, nisamehe.

Nilikuwa nimepanga Felicia asijue mpaka nimetoka kwenye upasuaji. Lakini baada ya kuona mikono ile sikuweza. Tuliporudi ufukoni, wengine wakirudisha majaketi, nilimketisha mchangani nikamwambia yote. Chumvi ilikuwa imemkaukia usoni. Halafu mikono yake ikapanda. Yote miwili, polepole, ikakutana juu ya utosi, naye akafungua mdomo bila sauti. Hakuna aliyemfundisha hivyo, Mama. Mimi sikumfundisha. Haikuwa ishara ya Axel, ilikuwa ile yako ya mlangoni, na sijui imemfikia kwa njia gani huku.

Sikumchapa. Nilimshika mikono nikaishusha, nikaiweka magotini pangu, nikamwambia asinililie, bado nipo. Tulikaa hivyo. Axel alikuwa anatutazama kwa mbali, hakuja kuuliza. Na Felicia wako alipopata sauti aliniambia kwa Kiswahili, bila neno hata moja la Kiswidi, kwamba kila nitakapokwenda hospitali tutakwenda wote, na kwamba nguo za nyumba hii kuanzia siku ile anakunja yeye. Anazikunja vibaya, Mama. Nazitazama tu.

Hali ni hiyo. Upasuaji utakuwa katika wiki ambayo Lorraine atakuwa kwenu, kwa hiyo unaposoma hapa huenda umeshapita. Kisha kuna matibabu ya kufuata, nayo yatanichosha zaidi, wameniambia wazi. Sitaweza kuja Krismasi kama nilivyokuahidi, na hilo ndilo lililoniliza kuliko yote. Eliakim mwambie wewe, taratibu, wakati yuko peke yake. Kanisani ombeni, lakini usilitangaze kwenye kipaza sauti, na usiruhusu mtu yeyote aanze kuchangisha. Sitaki kuombolezwa kwa mikutano nikiwa bado nabishana na Felicia kuhusu mashati.

Nisalimie kina mama wa kwaya, hata wale waliomaliza dawa yako. Msalimie mke wa Eliakim na watoto, na yule mbuzi mwizi. Felicia anakusalimu, na ameniomba nikuandikie kwamba atakupigia mwenyewe, kwa Kiswahili, umvumilie akikosea. Hortense pia anakusalimu, ingawa hamjaonana. Mungu akutunze, alitunze na hilo goti, maana nataka nikija unipokee umesimama.

Na sasa, Mama, najua mikono yako iko wapi. Naiona kutoka huku. Ishushe. Iweke magotini. Bado nipo.

Ni mimi mwanao,
Mueni